Ile Sarafu Pana ya Papa Félicien

Huguette hakuwa mtu wa kuinamishwa kichwa, lakini asubuhi ile pale mtaani Bigo ilibidi ajikaze. Médard, mchimba dhahabu kutoka Bambu, alisimama mbele ya meza yake ya kununulia dhahabu na kutamka jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulisema wakati baba yake, marehemu Papa Félicien, akiwa hai.

"Ile pesa pana, papa yako aliiponda na nyundo, akaweka risasi ndani, iwe nzito. Alikuwa anakula zahabu yetu."

Meza hiyo hupima dhahabu kwa sarafu kuukuu za Zaire, za makuta kumi, ambazo siku hizi hazinunui hata chumvi. Sarafu upande mmoja wa mizani, dhahabu upande wa pili. Moja kati ya hizo, ya Papa Félicien, ilikuwa pana kuliko nyingine, haina ukingo. Mwenyewe alisema ilitoka kiwandani vile vile, mashine ilikosea. Huguette alimwamini tu, kwa kuwa ni baba. Hakuwahi kuhakikisha, na sasa foleni nzima ya wauzaji ilimkodolea macho. Jina la baba lilikuwa pale mezani.

"Weye uko na yako?" aliuliza.

"Niko nayo." Médard akaitoa mfukoni, ileile anayopimia machimboni kabla ya kushuka mjini, asije akapunjwa.

"Unaiamini?"

"Kupita weye!"

Watu wakaangua kicheko.

"Basi unipe ruhusa niiponde."

Médard hakuweza kurudi nyuma mbele ya watu. Huguette akailaza sarafu juu ya chuma, akaigonga kwa nyundo, kwa hasira zake zote, mpaka ikapanuka. Herufi zikalala, namba ikafutika. Akaiweka kando ya ile ya baba. Ya baba ilikuwa pana, ndiyo, lakini herufi zake zilisimama wima, ungezisoma kwa kidole.

"Gusa. Nyundo gani inapanua pesa na inaacha maandishi? Hii ilizaliwa pana."

Médard akagusa, akagusa tena. "Sawa, haikupondwa. Lakini uzito? Weka zote mbili kwa balansi."

Hapo, tusidanganyane, Huguette mwenyewe hakuwa na uhakika. Akaweka moja huku, moja kule. Mizani ikayumba, ikasita, ikayumba tena. Kisha ikatulia, sawasawa.

Machozi yalimjia, akayakatalia. Akanyanyua kidevu.

"Papa yangu hakukuwa mwizi!" alisema, na sauti ikafika mpaka barabarani. "Mashine ndiyo ilikosea. Yeye, hapana!"

Kifua kilimjaa fahari hadi akaona meza ile ni ndogo kwake.

Médard akafungua polepole karatasi aliyofungia dhahabu, akaimimina kwenye mizani bila kumtazama usoni.

"Pima yangu, mama," alisema. "Pima na hiyo pana."