Kibuyu Ambacho Hakikuonjwa

…au kile cha karibu na mlango ndicho chenye maziwa mabichi, hapana, pale aliweka yaliyochemshwa yapoe, halafu shangazi akapiga hodi naye Libérata akavisogeza vyote viwili kumpisha, na sasa Mukagasana, dada wa baba yake, aliyetembea siku tatu kutoka Rwanda hadi hapa Karuba, ameketi mkekani na kibuyu mikononi, hanywi, anasema tu, ng'ombe wa marehemu mama yako amezaa, baba amezeeka, na Libérata anaitikia ndiyo masenge, ndiyo shangazi yangu, huku macho yako kwenye kibuyu, maana kwao maziwa hayapikwi, anayeyapika anamkausha ng'ombe wa watu, na haya ni ya ng'ombe wa jirani, Papa Rutayisire, aliyempa bila kuuliza… shangazi akiisikia harufu ya moto ataondoka naye leo hii, atasema ugenini wamemharibu mtoto, na pengine, Mungu amsamehe, ndivyo Libérata mwenyewe anavyotaka, aburutwe nyumbani asiwe na la kuamua… "Toka mwaka wa makumi tano na mbili unasafisha batoto ba bantu bure," shangazi anasema, "baba yako anauliza, njo kusema hauna kwenu?"… anako kwao, anakumbuka mno, moshi wa zizini, mama akimbembeleza ndama, mama ambaye hakumzika… lakini kibuyu kingine kiko wapi, ah, Nyirabagenzi amekichukua sasa hivi, amepita na mwanawe mgongoni, yule wa kuhara, ambaye Libérata amemlisha kwa kijiko siku tisa pale zahanati ya misheni, na muuguzi alisema akinywa mabichi tena tutamzika… basi kama haya ya shangazi ndiyo yaliyopikwa, yale je, Nyirabagenzi amefika wapi, ameshavuka kijito… "Haukuonja mbele, mutoto wangu," shangazi anasema taratibu, akimnyoshea kibuyu, "sasa mi nitakunywaje?" na Libérata anaona haya hadi masikioni, mwenyeji huonja kwanza, hata hilo limemtoka, kumbe mama wa watu amekaa na kiu muda wote huu akimngoja, na anapeleka mkono, anaomba, ee Mungu yawe mabichi, anaomba hadi anajishangaa, kwa sababu si shangazi anayemwombea, wala ng'ombe, wala jina la baba, ni yule mtoto mgongoni, mtoto wa watu, na kama ni hivyo basi Libérata hatarudi kwao, maskini masenge, njia yote ile, hatarudi… na kibuyu bado kiko kati ya mikono yao, hakuna aliyekionja.