Watoto wa Kuazima

Mwaka wa hamsini na tano nilikuwa Mwamtsefu, kijiji kidogo upande wa Diani wa Mto Mkurumudzi, nikisuka makuti. Nilikuwa nimetoka Ramisi kukata miwa, miwa ikanichosha, nikafuata njia ya pwani mpaka nikapata mtu wa kunipa kazi na mahali pa kulala. Mtu huyo ni Boga, mzee wa mji, mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakupenda mgeni alale na njaa, na uongo ulimkera. Nasema hivi ili usimdhanie vibaya mapema.

Nyuma ya mji palikuwa na kinamasi. Kijito kilishuka kutoka mashambani, kikakuta mwamba wa matumbawe, kikashindwa kupita kwenda baharini, kikalala hapo. Maji meusi, matete na mbu. Jembe halikufua dafu kwenye mwamba ule, ulitaka baruti. Watoto wa Mwamtsefu waliumwa homa tangu wakinyonya, na waliosalimika walitembea na matumbo yamejaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, ukigusa pagumu kama kifuu. Bandama hiyo. Kwao ilikuwa kama meno kuota, kila mtoto alikuwa nayo.

Boga alikuwa na dada yake, Mwanapili. Mume wa Mwanapili, Alfani, alikuwa kuli wa bandarini Mombasa na alirudi akipata nafasi, kwa hiyo Mwanapili na binti yake Chiku walikaa kwa Boga. Hata Alfani angekuwapo isingekuwa tofauti kubwa. Kwa Wadigo wa mji ule mtoto alikuwa wa mjomba. Mjomba ndiye aliyesema atibiwe wapi na aozwe kwa nani, na shamba alilirithi kwa mjomba. Mashehe walilikataza jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Watu waliitikia vizuri msikitini, wakirudi nyumbani ni yaleyale.

Chiku alikuwa bado hajafika umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani. Alikuwa na shingo nyembamba na tumbo la mtu mzima. Mwanapili alikuwa amembeba hospitali Msambweni, ng'ambo ya mto, si mara moja. Akipewa dawa hupoa, hucheza uani na vifuu vyake, kisha homa inamrudia. Siku moja nikisuka kuti karibu na meko yake, Mwanapili aliniambia bila kuinua macho, "Hospitali inaitoa homa, kinamasi kinaitia. Mimi nataka kitibiwe hicho kinamasi."

Basi ndipo akaja Fondo. Alikuwa karani wa daktari mmoja wa serikali, Mgiriama wa heshima zake, aliyempa Boga shikamoo kabla hajashuka kwenye baiskeli. Alieleza kwamba daktari anazunguka miji ya pwani akiwabonyeza watoto matumbo. Haji kutibu, anakuja kupima mji. Mji utakaoonekana watoto wake wengi wana bandama kubwa kuliko miji mingine utapasuliwa mwamba kwa baruti, maji yashuke baharini, na watoto wapewe vidonge kila wiki. Wanaotakiwa ni watoto wenyeji tu, maana mgeni huja na ugonjwa wa kwao na hesabu ikaharibika. Alilieleza hilo mara mbili, polepole, kama anayemwelekeza mtu njia.

Mwanapili alisikia mfereji wa kutoa maji. Wazee walisikia jambo jingine. Wakati ule Wazungu walikuwa wanapima viwanja vya ufuoni Diani, wakipigilia vigingi hadi kwenye makaburi ya watu. Tena Boga, alipokuwa mdogo, aliona serikali ikichoma nyumba za mji mmoja uliopatwa na ndui, watu wakatawanywa na wasirudi tena. Siku wazee walipokutana barazani kwake alisema, "Wakituandika wagonjwa, watasema mahali hapa hapafai kukaa watu. Kisha mtaona, hapatafaa sisi tu." Hakuna aliyempinga, na mimi nikiwa pembeni na kuti langu niliona ana akili.

Boga alikuwa amechanjiana na Kalama, Mduruma wa ng'ombe kule Kinango. Waliochanjiana wameonja damu, mmoja akiomba mwenziwe haulizi, "Ya nini?" Boga alituma mtu kuomba watoto wazima wasio na bandama, wapimwe badala ya wa mji. Huko kwa Kalama ni kukavu, mbu ni wachache. Kalama akawatoa watoto wa boma lake, wakubwa kwa wadogo, na mwanawe Charo akiwa mbele yao, wakateremka kwa miguu.

Mji ulicheka siku hizo. Watoto wale hawakuwa wamewahi kuona bahari. Biasha, mama mmoja mwenye mdomo, aliwawekea pweza wakakimbilia nje, naye akapiga makofi akisema, "Tazameni wenyeji wetu, wanamkimbia kitoweo! Daktari akiwauliza jana mlikula nini, semeni mmesahau." Charo alikuwa hodari. Alijifunza kuita samaki majina, akawa anawafundisha wenziwe.

Lakini mvua iliharibu barabara, gari la daktari likakwama, na siku moja ikawa siku nyingi. Watoto wa Kalama wakalala Mwamtsefu, bila chandarua, usiku baada ya usiku.

Daktari alipofika, mikeka ilitandikwa kwenye banda la mbata. Watoto wa mji walikuwa wamefichwa minazini na shangazi zao, wakiambiwa wasikohoe. Kila mtoto aliyeletwa alilazwa chali, daktari akaingiza vidole chini ya mbavu za kushoto, akasema neno, Fondo akaandika. Walipita wote na matumbo yao laini. Daktari alianza kutabasamu. Boga alisimama kando amevaa kanzu, akitaja jina la kila mmoja na la mama yake, majina ya watoto waliokuwa minazini.

Ndipo Mwanapili akaja na Chiku mgongoni. Hakuficha wala hakukimbia, alipita katikati ya watu na kumlaza mtoto mkekani. Vidole vya daktari vilisimama. Vikashuka chini zaidi, vikakaribia kitovu. Fondo akauliza mtoto wa nani.

"Wangu," akasema Mwanapili. "Nimemzaa hapa."

Fondo akamtazama Boga, maana mzee wa mji ndiye aliyekuwa akithibitisha.

"Usimwandike huyo, bwana karani," Boga akasema. "Huyo ni mtoto wa baba yake, na baba yake yuko Mombasa. Amekuja kutembea."

Nimetembea sana katika pwani ile. Sijapata kumsikia mjomba mwingine akisema neno hilo. Kwao, kumwambia mtoto wa dada yako kwamba ni wa baba yake ni kumtoa nyumbani. Hata Biasha aliangalia chini.

"Kaka," akasema Mwanapili, "rudia nisikie."

Mwanapili aliwaangalia watoto wa Kalama waliojipanga ukutani. Neno moja lingetosha, na kaka yake angelala jela ya Kwale siku hiyo hiyo. Nilimwona akilimeza. Fondo alimtilia vidonge vichache kwenye kipande cha gazeti, akampa, akapiga mstari pale alipokuwa ameanza kuandika.

Baadaye Fondo alirudi na salamu za daktari. Mwamtsefu ni katika miji yenye afya pwani nzima, daktari anawapongeza kwa usafi. Baruti imepelekwa mji wa pili, ng'ambo ya minazi. Tuliisikia. Kila asubuhi mwamba wa wenzetu ulipasuka, na kuku wa Boga wakaruka.

Vidonge vya Chiku vikaisha.

Halafu Kalama akaja mwenyewe. Hakuingia uani wala hakupokea maji, alisimama njiani na fimbo yake. Watoto wake walirudi na homa ambayo damu zao hazikuijua, wengine wamepona, Charo amezikwa. "Nilikupa watoto wazima," akamwambia Boga. "Usinitumie mtu tena." Akageuka na kuanza kupanda kwao.

Kesho yake Boga aliniomba nifuatane naye Kwale. Ofisini alisimama mbele ya daktari akaeleza yote, watoto wa kuazima, watoto wa minazini, na Chiku, Fondo akitafsiri. Nilidhani atafungwa, na nadhani yeye alitaka hivyo. Daktari hakukasirika. Alivua miwani akasema anaamini, lakini hesabu imekwenda Nairobi, baruti imekwisha, na zamu nyingine ya kupima haijulikani ni lini. Watoto waletwe hospitali kama kawaida.

Kwenye baraza Fondo alimwambia Boga taratibu, "Mzee wangu, siku ile nilijua. Nilikuona ulivyomkana. Lakini mimi naandika anachosema mwenye mji."

"Ndiyo kazi yako," Boga akajibu.

Tulirudi mvua ya masika imekaza. Chiku alikuwa ameanza kutetemeka tangu tulipoondoka. Boga alimtwaa kwa mamake bila kuomba ruhusa, akamfunika gunia, akashika njia ya Msambweni, mimi na Mwanapili nyuma yake. Mkurumudzi ulikuwa umefurika, magogo yanapita katikati. Tulikaa ukingoni tukingoja maji yapungue. Yalipopungua hatukuwa na la kuvukia, tukarudi na mtoto kimya mgongoni kwa mjomba wake.

Alfani alipelekewa habari, lakini maiti haingojei Mombasa. Mtoto alioshwa, akavishwa sanda, jeneza likatolewa. Kwa desturi yao, baba asipokuwapo, mjomba ndiye anayeshuka kaburini kumpokea na kumlaza. Boga alikuwa ameshakunja kanzu. Wanawake hawafuati mazishi, hivyo Mwanapili alisimama mlangoni, na alipozungumza hakumwangalia mtu.

"Asishuke kaka," akasema. "Ashuke huyu msuka makuti."

Wanaume walisubiri Boga aseme, maana haki ilikuwa yake. Akateremsha kanzu yake.

Nilishuka mimi. Udongo wa pale ni mchanga mtupu, unaporomoka ukiugusa, na chini kulikuwa kumeanza kuingia maji ya kinamasi. Boga ndiye aliyenipa mtoto, kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti ukingoni. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko mzigo wowote niliopata kubeba, isipokuwa pale upande wa kushoto. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, uso Kibla, kama walivyonielekeza kutoka juu.