Miche Iliyokataa Kushika

Misimu mitatu ya mvua nilipanda mwenyewe, na misimu yote mitatu miche ilinyauka kabla haijafika magotini. Mume wangu akasema sina mkono wa kupanda. Nikamwambia anipishe. Lakini mwaka huu nimekonda, jembe lenyewe linanishinda, nikaamua liwalo na liwe: naita fundi wa bustani.

Wifi yangu, anayeishi nasi, alinuna. "Fundi wa nini? Si namwagilia mimi kila asubuhi?"

Fundi alifika mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya. Alichota udongo akaunusa, kisha akang'oa mche mmoja na kuutazama mzizi.

"Mama, udongo huu hauna kosa. Kuna mtu anaumwagia dawa ya kuua magugu. Si nyingi. Kidogo kidogo, kila siku."

Nilianza kucheka. Fundi hakuwa anautazama mche tena. Alikuwa anaitazama mikono yangu, mifupa mitupu.

"Mama," akasema polepole, "chakula chako anapika nani?"

Mlango wa jikoni ukafunguka.

"Wifi," sauti tamu ikaita, "njoo basi, uji wako unapoa."