Marashi ya Bi Mwatima

Mimi nina wivu, na sioni haya kulisema. Wenzangu huuficha wao nyuma ya tabasamu; wangu unakaa usoni kama pua, kila anayepita anauona. Mke wangu Zuwena husema ningezaliwa pacha ningemwonea kijicho mwenzangu kwa kunitangulia kutoka tumboni. Kwa hiyo siku Bwana Kombo aliponiita ofisini kuniambia kwamba mkuu wa tanuri jipya atakuwa Sabra, hakuna mtu kiwandani aliyehitaji kuniuliza nimelipokeaje jambo hilo.

Mtu asidhani niligombea kiti tu. Nilisomea uinjinia wa metali, na ujana wangu niliumalizia China, katika kiwanda cha magnesi. Magnesi ni metali nyepesi ajabu. Unainua kipande kikubwa kama tofali kwa mkono mmoja ukadhani umedanganywa. Lakini ikiyeyuka ni hasira tupu. Ukiiacha wazi inawaka moto mweupe usiotazamika, na tone la maji likiiangukia inaruka na kumrudia usoni aliye karibu. Hata moto wake hauzimwi kwa maji, huzimwa kwa mchanga mkavu. Niliipenda metali hiyo kwa kuwa haina msamaha, na nikarudi nyumbani Tanga nikiamini nitaiyeyusha hapa.

Wapi! Nimeyeyusha sufuria. Sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha, vyuma vya injini zilizokufa, alumini ya kila namna iliyookotwa Muheza na Pangani na kuletwa kwenye kiwanda cha Bwana Kombo, njia ya Pongwe. Mvi zangu zote zimetokea kwenye moshi wa sufuria za watu. Kila mwaka nilimwambia Bwana Kombo tuingie kwenye magnesi, na kila mwaka alinijibu "Inshallah", ile inshallah ya kumsindikizia mtu mlangoni.

Hatimaye akapata mteja aliyetaka vifuniko vyepesi vya injini za pikipiki. Akajenga banda jipya, akanifanya kaimu mkuu wa tanuri. Tanuri nililichagua mimi. Mstari wa njano sakafuni niliupaka mimi, nikipiga magoti kama fundi rangi. Ubao ukutani niliuandika kwa mkono wangu: MAJI MARUFUKU KUPITA MSTARI HUU. Ukaimu lakini ni kanzu ya kuazima. Unatembea nayo ukijitazama, kisha mwenyewe anakuja unavua.

Mwenyewe akaja, naye ni Sabra, mtoto wa Pangani niliyempokea kiwandani akiwa mwanafunzi wa mazoezi, hajui hata upawa wa chuma unashikwa upande gani. Nilimfundisha mimi. Nikamwandikia barua ya kumsifu aende ng'ambo kusomea metali nyepesi. Akaenda, akarudi na shahada ya pili na miwani mipya.

"Wateja wanamwamini, Injinia," alisema Bwana Kombo. "Kasoma haya mambo juzi juzi."

"Na mimi?"

"Wewe ni mzee wetu."

Nina miaka hamsini na mbili. Nilitoka ofisini mle nikiwa nimezeeka ghafla.

Nyumbani Zuwena alinitazama tu nilivyovua viatu akajua. Akaniwekea chakula, akakaa mbele yangu.

"Kapewa Sabra," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Sura yako. Haya basi, Baba Hafsa, mpewa hapokonyeki. Si wewe uliyemwandikia barua?"

"Nilimwandikia aende. Sikumwandikia arudi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi sikucheka. Samaki yule alikuwa wa kupaka, chakula nikipendacho kuliko vyote, na sikuisikia ladha yake.

Tokea hapo kazi yangu ikawa moja, kumtafutia Sabra kosa. Mstari ule ni wangu na ubao ule ni wangu. Kama angekosea chochote katika maandalizi, ningekuwa wa kwanza kukiona, na Bwana Kombo angekumbuka ni nani aliyeota tanuri hili kabla ya mtu yeyote. Nilikagua alivyokausha zana. Zilikuwa kavu. Nikagusa kalibu tutakazomiminia metali, nikakuta amezipasha moto tangu mapema ili zisibaki na unyevu wa hewa ya pwani. Hilo nilimfundisha mimi, nikachukia kwamba amelikumbuka. Nikabadili njia, nikaanza kumsifu. Nilimsifu mbele za watu, nikamwita bingwa, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Mwalimu, usinipambe," alisema siku moja, akiendelea kupima joto. "Nikikosea niambie."

Hakulitia maji hata tone.

Siku ya kumimina kwa mara ya kwanza Bwana Kombo alitaka dua isomwe. Sisi hatuwashi hata mashine ya kusaga bila dua, sembuse tanuri. Wageni walipangiwa viti ng'ambo ya mstari, mashehe wakakaa kwenye jamvi, chetezo kikafuka ubani. Sabra alikuwa ameweka mlinzi mlangoni na amri kali: hakuna chupa ya maji, hakuna soda, hakuna madafu. Nilimwona mlinzi akiwapokonya chupa wakubwa wa benki. Alimpokonya hata Bi Mwatima, mama yake Sabra, aliyevuka kivuko cha Pangani alfajiri kuja kushuhudia cheo cha bintiye.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba baba, hujambo? Wewe ndiye Uweso? Mwanangu hatoi neno bila wewe. Ati mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie."

Nikasema amin, na moyoni nikasema angenizidishia cheo.

Mimi nafasi yangu siku hiyo ilikuwa ndani ya mstari, kando ya chungu cha kuyeyushia, nimeshika koleo la mchanga mkavu. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa. Miaka yote ile ya China na sufuria, halafu nisimame na koleo kama mfagiaji wa stendi! Metali ilikuwa imekwisha yeyuka. Sabra alifungua kifuniko, akanyunyiza unga wa kuikinga juu yake, kisha akageuka kuzitazama kalibu mara ya mwisho. Wafanyakazi wote waliinamia kazi zao. Aliyekuwa ameelekea wageni ni mimi peke yangu.

Dua ikaisha, watu wakapaka amin usoni. Ndipo Bi Mwatima akainuka, akatia mkono chini ya baibui, akatoa mrashi wa fedha, ule wa shingo ndefu wa kina bibi.

Akaanza kuwarashia wageni, kama inavyofanywa kwenye maulidi na kwenye harusi. Watu wakakinga viganja, wakajipaka usoni, wakafurahi. Bwana Kombo akainamisha kofia yake arashiwe. Mlinzi aliyepokonya chupa zote akakinga mikono yake yote miwili. Nikaelewa hapo kwamba mlangoni aliuona mrashi ule akaupisha kwa heshima. Hakuna mtu mle ndani aliyeyahesabu marashi kuwa ni maji. Marashi ni baraka. Nani atamzuia baraka mama wa mkuu, siku ya mwanawe?

Alipomaliza wageni akauvuka mstari wangu wa njano. Vijana wakampisha njia, mmoja akamshika kiwiko asijikwae. Alikuwa anakuja kukirashia chungu.

Kosa nililolitafuta lilikuwa hilo, linakuja lenyewe kwa miguu, limevaa baibui.

Nitasema nilichofikiri, maana kilinipitia chote. Nilifikiri: tone moja tu. Mlio mmoja, cheche na moshi, wageni wanakimbia viti vikianguka, Bwana Kombo anauliza ni nani mkuu hapa. Mimi ninamwaga mchanga, nazima, natulia. Kesho niko ofisini nimevaa kanzu yangu ya kununua. Niliuona mlango wa ofisi ile mpaka na kitasa chake. Na sikusogea.

Bi Mwatima alifika karibu, joto likampiga, akafumba jicho moja. Lakini hakurudi nyuma. Akainama kidogo aone kilichomo, kama mtu anayechungulia chungu cha biriani kwa jirani, na huku mkono wenye mrashi unapanda. Uso wake ulikuwa wazi. Mashavu yalimng'aa kwa ule mwanga wa metali.

Kupiga kelele nisingeweza. Mtu akishtuka hurusha alichoshika. Nikatupa koleo, nikaingia kati yake na chungu, nikainamisha kichwa changu mbele yake.

"Mama, nianze mimi," nilimwambia. "Nirashie mimi."

"Eeh, baba! Ngoja basi nianze na hii kazi ya mwanangu."

"Mimi kwanza, mama. Nina shida."

Akacheka, akanirashia. Nikakinga viganja, nikajipaka, nikakinga tena. Alipotaka kunipita nikahama naye upande huo. Nikamwambia na shingoni, mama, na kifuani, na mgongoni. Watu wakaanza kucheka. Nikasikia mtu wa benki anauliza huyu ni nani. Nikaushika mrashi wenyewe pamoja na mkono wake, kwa adabu, nikajitikisia kichwani mpaka haukutoa kitu. Maji ya waridi yakanitiririka ndani ya kola, ovaroli ikanigandama kifuani.

"Umenimalizia!" alisema Bi Mwatima, akiutikisa mrashi mtupu sikioni. "Hata tone la mwanangu hukumwachia!"

"Injinia Uweso!" Bwana Kombo alipaza sauti kutoka kitini. "Hata baraka ya mtoto wa watu, kaka?"

Banda zima likaangua kicheko. Wote walikuwa wanajua kwamba nina wivu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji maelezo mengine. Sabra aligeuka kwa kelele zile. Akaniona nimelowa chapachapa, hatua mbili kutoka kwenye magnesi iliyoyeyuka. Rangi ikamtoka.

"Mwalimu," alisema, "umelowa. Toka nje ya mstari."

"Sabra, sikiliza."

"Sasa hivi. Miraji, chukua koleo. Mpeleke mama kitini."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nilikuwa na haki ya kusema mbele ya Bwana Kombo na benki yake yote kwamba mkuu wao mpya karuhusu maji mpaka mdomoni mwa chungu. Ilikuwa sentensi moja tu, na cheo kilikuwa ndani yake. Lakini Bi Mwatima alikuwa bado amesimama baina yetu, mrashi mtupu mkononi, anatabasamu kwa kuchanganyikiwa. Ningeisema sentensi ile, angerudi Pangani akijua alikuja kumuunguza mwanawe.

Nikafunga kinywa. Nikatoka nje ya mstari, na kwa kuwa nilikuwa nachuruzika, mlinzi akanitoa hata mlangoni. Sheria ni yangu. Niliiandika mimi.

Kwa hiyo ile siku niliyoingojea tangu nina nywele nyeusi niliitazama kwa kuchungulia mwanya wa mlango, nikinukia kama bwana harusi. Sabra alishusha ngao ya uso. Akaushika upawa, akauinamisha polepole bila kukata mkono, kama nilivyomwonyesha kwa alumini ya sufuria. Metali ikaingia kwenye kalibu kimya, nyeupe, laini kama tui la kwanza. Haikuwaka, haikulia. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoiota, na mkono ulioimimina haukuwa wangu. Nililia, nadhani, ingawa kwa marashi yale nisingejua lipi chozi na lipi waridi. Na kusema kweli niliomba itetemeke kidogo, ichafuke ukingoni. Haikutetemeka.

Zuwena alinipokea mlangoni akanusa. "Harusi ya nani?"

"Ya Sabra," nilisema, nikaenda kuoga. Sikumweleza. Angenisifu, na sifa za namna ile sizitaki. Nazitaka za namna nyingine.

Asubuhi yake niliwahi kiwandani kabla ya wenzangu. Nilitaka kuviona vifuniko vya kwanza peke yangu, nitafute hata tundu dogo la hewa. Nikawasha taa. Kabla sijafika mezani nikauona ubao wangu ukutani. Chini ya maneno yangu, MAJI MARUFUKU KUPITA MSTARI HUU, kulikuwa na maneno mengine kwa rangi mbichi: NA MARASHI.

Sabra alikuwa amejua. Alirudi mle jioni, wageni wamekwisha ondoka, akanusa pale kando ya chungu, akafikiri, akapata. Hakuniita kunishukuru wala kuniomba radhi. Alichukua brashi akaikamilisha sheria yangu, neno ambalo kwa miaka yote hiyo, mimi mtoto wa Tanga niliyelelewa kwenye maulidi, halikunijia.

Nilisimama pale mpaka vijana wakaanza kuingia. Wakanisalimu, nikawaitikia. Niliusoma ubao ule tena na tena, na wivu ulinikaba mpaka nikakosa pa kuuweka. Maneno yake yamenyooka, hayakupanda wala kushuka, na hayakuchuruzika rangi kama yangu.