Sahani Tupu ya Kitanda cha Sita

Wenzake chuoni walimwita Msusi, kwa kuwa kabla ya kusomea uuguzi alikuwa amesuka vichwa vya watu miaka kumi na minne. Alikuwa mama wa watoto watatu, na binti yake mkubwa ndiye aliyemsaidia kukariri majina ya mifupa huku wakimenya viazi. Kazi za mikono hakuna aliyemfikia. Aliweza kubadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani na mgonjwa asikatishe hata mkoromo. Lakini mitihani ya karatasi ilimtoa jasho, hasa maswali ya "Utamhudumia nani kwanza?" Katika jaribio la mwisho alimchagua mgonjwa anayepiga kelele kuliko wote, na Mkufunzi akamchorea mkasi mwekundu wa kosa.

"Mwenye kelele angalau pumzi anayo," Mkufunzi alimwambia. "Hukumwangalia aliyenyamaza."

Wiki mbili baadaye alipangiwa vitanda vinne katika wodi ya wanaume, chini ya muuguzi wa zamu. Kwenye kitanda cha sita alilala Mwalimu Mstaafu, mzee mwenye kisukari aliyeletwa kwa kidonda cha mguu. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote na hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa amelazwa. Hakuna aliyepita pale bila kuulizwa swali. Daktari bingwa mwenyewe aliwahi kukosea kumi na tatu mara kumi na saba, wodi nzima ikavunjika mbavu.

Asubuhi hiyo, saa moja na nusu, muuguzi alimchoma Mwalimu sindano yake ya insulini, na chakula kikaletwa: mkate, yai na chai isiyo na sukari. Msusi alipopita kukusanya vyombo, sahani ya Mwalimu ilikuwa nyeupe pe.

"Umekula, baba?"

"Nimekula, mwanangu," alijibu, kaziba mdomo kwa mkono.

Msusi akaandika kwenye fomu: amekula chote.

Ilipofika saa tatu, mambo yakaja kwa mpigo. Kwenye kitanda cha tano, dereva wa pikipiki aliyevunjika mguu alikuwa akipaza sauti, "Nesi, nakufa! Dawa ya maumivu iko wapi?" Kwenye kitanda cha nane, seremala mmoja alikuwa akinyooshea kidole dripu yake iliyobakiza maji kidogo. Msusi akakaza mwendo kumwendea dereva, akapita mbele ya kitanda cha sita, kisha akasimama ghafla. Alikuwa amepita bila kuulizwa chochote.

"Mwalimu, leo hunipi hesabu?"

Mzee alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho, ilhali dirisha lilikuwa wazi na wenzake wamejifunika mablanketi. Mikono ilimtetemeka.

"Saba mara nane?" Msusi alimuuliza.

"Jumanne," Mwalimu akajibu, bila hata chembe ya utani.

Dereva aliangua kicheko, mguu akausahau. Msusi hakucheka. Alimwita muuguzi kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, akavuta mashine ya kupima sukari, akamtoboa mzee ncha ya kidole. Mbili nukta sita. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya.

"Anameza?" muuguzi aliuliza akija mbio.

Msusi alikuwa ameshamketisha wima na kumpa funda dogo la maji. "Anameza vizuri, dada."

"Basi mpe sukari. Usiondoke hapo. Dripu naishughulikia mimi."

Msusi akakoroga vijiko vitatu vya sukari katika nusu glasi ya maji, akamnywesha funda kwa funda, mkono mmoja ukiwa mgongoni kwa mzee. Dakika kumi na tano zile zilikuwa ndefu kuliko muhula mzima. Kwenye ya kumi na mbili, Mwalimu alifuta paji la uso, akageuza shingo.

"Hamsini na sita," alisema. "Nani kauliza?"

Kipimo cha pili kikasoma nne nukta tano. Msusi alishusha pumzi.

"Lakini alikula," alisema. "Niliandika mwenyewe."

"Nesi," dereva alisema akikwepa macho yake, "mkate ule nimekula mimi. Na yai. Alinipa mwenyewe, kasema hana hamu."

Wote wakamgeukia Mwalimu. Mzee alikunja uso, halafu aibu ikamshinda. "Meno yangu yamepotea," alinong'ona. "Ya bandia. Niliyaweka chini ya mto, nikaamka hayapo. Ningetafuna na nini?"

Msusi alimwomba muuguzi fomu, akaikata ile kauli yake kwa mstari mmoja, akaandika ukweli na kutia sahihi. Mkufunzi, aliyekuwa amefika na kusoma kila kitu kimya kimya, alimuuliza ni kwa nini alikwenda kitanda cha sita kwanza.

"Nilimzoea, madam. Mteja msemaji akinyamaza kwenye kiti cha kusukiwa, lazima umwangalie usoni."

"Na sahani?"

"Niliitazama sahani, sikumtazama mtu. Hapo nilikosea."

Mkufunzi aliitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza Msusi aliyaona meno yake yote.

Yale ya Mwalimu yalipatikana kabla ya saa sita, ndani ya foronya iliyobadilishwa alfajiri mzee akikoroma, kwenye kapu la nguo chafu, Msusi akiwa amevaa glavu na amezama hadi kiunoni. Mpaka hapo mzee alikuwa ameshakula mtori laini wa ndizi aliouagiza muuguzi.

Kesho yake asubuhi Msusi aliweka sahani mbele ya Mwalimu, akavuta kiti, akaketi.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Nangoja utafune, baba."

"Jirani yangu naye utamchunga?"

"Huyo nimemletea wake," Msusi alisema, na dereva akaunyanyua mkate wake juu kama kombe.