Glasi Mbili Mbele ya Msimamizi

Pigo la nne halikuja.

Mama Kola alikuwa ameinamia koti la arobaini na moja la asubuhi ile, pasi ya mvuke mkononi, wakati moyo wake ulipopiga moja, ukapiga mbili, ukapiga tatu, kisha ukanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akangoja. Wapo wanaosema wanajua kungoja kwa kuwa wamewahi kupanga foleni; ungojee moyo wako mwenyewe, ndipo utajua. Halafu ukarudi kwa kishindo, ukampiga teke la koo, na kile kifungo alichokuwa akikinyonya chini ya ulimi nusura akimeze.

Kifungo nacho kina habari yake. Katika chumba cha pasi walikuwa wanawake arobaini na choo kimoja. Choo kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa shingoni mwa msimamizi, umefungwa kwa kamba kwenye mpini wa pasi iliyokufa. Msimamizi huyo walimwita Filimbi, kwa sababu alichokuwa nacho kinywani ni filimbi zaidi ya maneno. Aliyetaka kwenda haja alinyoosha mkono, akangoja mpaka aitwe, akapewa ule mpini mzito, akatembea nao katikati ya meza zote kama mwizi anayepitishwa mtaani na alichoiba. Mara moja kwa zamu. Ukienda ya pili, jina lako linapanda ubaoni. Likipanda mara tatu, nafasi yako ina mtu mwingine. Na zamu ilikuwa ya saa kumi na nne, tangu ilipoingia oda ya makoti meupe ya madaktari wa nchi za mbali.

Basi wanawake wakaacha kunywa maji. Hakuna aliyewaamuru. Walijiona wajanja. Kidomo, wa meza ya pili, ambaye hakupewa jina hilo bure, ndiye aliyewafundisha kifungo.

"Nyonya, shoga," alisema. "Mate yanakuja, kiu inapumbazwa, na kifungo hakikojozi."

Walicheka siku hiyo mpaka machozi yakawatoka, na hayo machozi pengine ndiyo yaliyokuwa maji ya mwisho mwilini mwao.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikamzindua Mama Kola. Akainua pasi. Juu ya kola nyeupe palikuwa na alama ya kahawia, umbo la ulimi.

Filimbi alifika kabla ya moshi kuisha. "We! Umelala?"

"Sijalala, bosi. Moyo umeruka."

"Umeruka kwenda wapi? Nimtume mtu akaulete?" Alitazama huku na huku aone nani anacheka. Wawili watatu wakacheka, maana kutocheka nako kulikuwa na ubao wake. "Moyo hauruki, mama. Kinachoruka ni akili. Vitamini umemeza?"

"Nimemeza."

Vitamini! Vidonge vidogo vyeupe, vichungu kama nyongo, kimoja kabla ya zamu na kimoja baada ya chakula. Filimbi alivigawa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakuamuru ufungue kinywa, uinue ulimi, aangalie kama anayenunua ng'ombe. Ukishameza, usingizi unatoroka, macho yanabaki wazi kama ya samaki wa sokoni, vidole vinatetemeka, na moyo unakwenda mbio kama umesikia polisi mlangoni.

Mama Kola akachukua koti la arobaini na mbili. Moja, mbili. Pigo la tatu nalo halikuja. Chumba kikainama upande mmoja, makoti yakamfuata sakafuni.

Kidomo aliacha meza yake bila filimbi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, akampakata kichwa. "Mpelekeni zahanati! Au mnangoja atufie kama yule wa meza ya tisa?"

Vichwa vyote vikainamia pasi.

Yule wa meza ya tisa hatajwi. Alikuwa mke wa mchomeleaji, mwembamba, mpole wa kupitiliza. Miaka miwili nyuma alilalamika kwamba moyo wake unachechemea. Akaenda zahanati, akarudi na karatasi imeandikwa *mawazo ya nyumbani*. Wiki ya pili alifia palepale, ameegemea meza, pasi mkononi, mkono wa pili chini ya pasi. Walijua kwa harufu. Mwanzo ilikuwa ya kitambaa, baadaye haikuwa ya kitambaa, na Filimbi akapuliza filimbi ili mtu asigeuze shingo. Jumatatu meza ya tisa ilikuwa na msichana mpya. Kuna watu wamesahau. Anayeandika haya hakusahau.

Zahanati ya kampuni, walikompeleka Mama Kola, ilikuwa chumba nyuma ya stoo, kina kitanda cha plastiki, feni, na maandishi ukutani: *Mficha maradhi, kifo humuumbua.* Tabibu alikuwa akichokoa nyama kwenye meno kwa njiti ya kiberiti. Alichokitoa alikitazama, akakila. Amevaa koti jeupe jipya, na Mama Kola aliitambua kola. Mkunjo ule ulikuwa wa mkono wake, aliujua kama anavyojua kitovu cha mwanawe. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya maji baridi, inatoka jasho.

Tabibu akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akatazama saa ya ukutani. Midomo yake ikawa inahesabu. Ikasimama. Ikaendelea. Ikasimama tena.

"Mm," akasema. "Kweli. Unaruka."

Mama Kola nusura alie kwa furaha. Hana wazimu, basi. "Niandikie barua ya hospitali kubwa, daktari. Nasikia wana mashine inayoandika moyo kwenye karatasi."

Alikuwa anaomba hiyo tu. Bila barua ya kampuni, mlango wa mashine ile ulikuwa wa watu wengine.

"Barua inatoka kama chanzo ni kazi," tabibu alisema. "Kwanza tutafute chanzo." Akavuta fomu, akafuta kidole chenye mate kwenye pembe yake. "Kahawa?"

"Sinywi."

"Chai?"

"Kikombe kimoja, asubuhi."

Akatia alama. "Sigara? Pombe?"

"Mimi, daktari?"

"Jibu tu."

"Hapana."

Alionekana kusikitika kidogo. "Homa, mafua?"

"Mwezi jana, kidogo."

Alama. "Hedhi imekoma?"

"Inakujakuja."

Alama. "Mawazo?"

"Yapi?"

"Mawazo, mama, mawazo. Ya nyumbani."

"Nani asiye nayo?"

Akatia alama mbili. "Unalala kwa saa ngapi?"

"Saa nne. Zikizidi, tano."

"Chache hizo. Mtu asipolala, moyo unapoteza mwendo. Kwa nini hulali?"

"Kwa sababu niko hapa."

"Hapa kwenye fomu pana ndiyo na hapana tu." Alama. "Maji unakunywa?"

"Sinywi."

Tabibu akainua kichwa, uso umemchanua kama aliyeokota kitu njiani. "Hunywi maji! Na kule ndani mnatoka jasho kama mko jikoni kwa shetani! Maji yanakwisha, chumvi ya mwili inakwisha, moyo unakosa mpangilio. Hii ni kujitakia, mama."

"Ufunguo, daktari."

"Ufunguo gani?"

"Wa choo."

"Fomu haiulizi choo." Akageuza ukurasa. "Mwisho. Unatumia dawa yoyote?"

Swali hilo ndilo alilokuwa analingoja. Mama Kola akainua pindo la aproni, akakata uzi kwa meno. Siku tatu nzima alikuwa ametembea na kidonge kimoja pale ndani. Ilikuwa Jumapili, amejilaza mkekani mchana, binti yake wa mwisho akamwekea sikio kifuani kwa mchezo, akahesabu: moja, mbili, tatu. Kisha mtoto akainua uso. "Mama, ya nne umeipeleka wapi?" Kesho yake alikificha kidonge cha mchana shavuni, nyuma ya jino bovu ambako Filimbi hachunguzi.

"Hiki," alisema, akakiweka katika kiganja cha tabibu. "Viwili kila siku. Wanaviita vitamini. Tangu vianze, na moyo umeanza."

Tabibu alikitazama muda mrefu. Nyuma yake, rafu ya juu, kulikuwa na kopo kubwa limejaa ndugu wa kidonge kile, na daftari la kopo lilikuwa na sahihi yake. Alijua. Ilionekana alivyojua, maana kwa mara ya kwanza aliacha kuchokoa meno.

"Umekipata wapi?"

"Mkononi mwa Filimbi. Na Filimbi anakipata hapo nyuma yako."

Tabibu akakitupia kinywani. Akafungua chupa, akapiga mafunda matatu makubwa, koo likipanda na kushuka, tone likimtiririka kidevuni mpaka kwenye kola safi. Akafuta mdomo.

"Kipi?" akauliza.

Mama Kola alibaki na mkono wazi. Siku tatu amekilinda kile kidonge kwa watu wote wa dunia, asijue kwamba aliyepaswa kumficha ni huyo aliyekuwa akimpelekea.

Tabibu aliandika mstari mmoja, akagonga mhuri: *Chanzo: mfanyakazi hanywi maji.*

"Weka dole."

"Na barua?"

"Barua ya nini tena? Chanzo si kimepatikana? Ungekuwa umeletwa hapa haijulikani unaumwa nini, hapo sawa." Alipoona hasogei, alimshika dole gumba, akalichovya wino, akaligandamiza mwenyewe. Kisha akajifuta vidole kwenye aproni ya Mama Kola, taratibu, kimoja kimoja. "Kunywa maji, mama. Maji ni uhai."

Kesho yake asubuhi, kabla ya zamu, Filimbi alisimama mbele ya meza na karatasi, ndoo, na glasi mbili.

"Sikilizeni. Kampuni inajali mioyo yenu." Akasoma kwa shida, kidole kikifuata mstari. "Kuanzia leo kila mfanyakazi atakunywa glasi mbili za maji mbele ya msimamizi kabla ya zamu, na mbili baada ya chakula. Atakayekataa anajitafutia ugonjwa, na kampuni haitahusika."

"Na ufunguo?" Kidomo akauliza.

"Karatasi haisemi ufunguo."

"Isome nyuma, bosi. Labda umejificha huko."

"Nyuma hakuna kitu. Kunyweni."

Wakanywa. Glasi mbili kwa vinywa arobaini, hazikuoshwa. Waliofika mwisho walikunywa maji yenye utando wa mafuta ya midomo ya wenzao, na mate yanaelea kama mayai ya chura. Filimbi alisimama karibu akitazama kila koo linavyomeza. Juu ya maji, kidonge. "Mnaona?" alisema. "Sasa vitamini zinateremka vizuri."

Ilipofika saa nne, mikono ilianza kupanda. Mmoja, mitatu, tisa. Filimbi alitoa mpini kwa mmoja, akatazama saa. Akarudi huyo, akatoa kwa mwingine. Mikono ikawa ishirini. Wanawake walisimama kwenye meza zao wakibadilisha miguu, magoti yamebanana, wengine wakiuma midomo, na chini ya viuno wote wakicheza ngoma moja isiyo na mpigaji. Juu ya viuno mikono inapiga pasi. Msichana wa meza ya tisa alikuwa akilia bila sauti.

Mama Kola alikuwa ameinua mkono wa kushoto muda mrefu mpaka umekufa ganzi. Wa kulia unanyoosha kola. Moja, mbili, tatu. Akangoja. Moyo ukarudi.

Akaushusha mkono.

Hakuondoka mezani. Aliitandaza miguu yake kidogo, kama mtu anayejiandaa kubeba gunia, akamtazama Filimbi usoni, akaachia.

Sauti ilisikika, maana sakafu ilikuwa ya saruji.

"Shoga!" Kidomo alinong'ona. "Unafanya nini?"

"Nafuata karatasi."

Kidomo akamtazama. Akatazama chini. Akacheka kicheko kifupi, cha puani, naye akaitandaza miguu. Kisha wa meza ya tano. Kisha wa saba. Msichana wa meza ya tisa alifumba macho, aibu imemwiva mpaka masikioni, naye akaachia. Maji yakakutana katikati ya chumba, yakafuata mteremko wa sakafu, yakachukua nyuzi na vumbi na kifungo cha mtu, yakaelekea kwenye viatu vya Filimbi vilivyong'arishwa. Akarudi nyuma hatua. Yakamfuata. Mvuke wa pasi uliichukua ile harufu ya mkojo wa moto ukaipandisha mpaka dari, na makoti meupe yaliyotundikwa huko juu yakaning'inia bila tone, safi kama neno la tajiri.

Filimbi akaweka filimbi mdomoni. Lakini kupuliza kunataka kwanza uvute pumzi, na alipovuta, uso ukamkunjamana, akakohoa nusura atapike. Akavuta tena kwa mdomo, kidogo, akapuliza.

"Endeleeni! Oda inaondoka leo!"

Hakuna aliyekuwa ameacha kazi. Miguu imelowa mpaka kwenye visigino, mikono ilikuwa bado inakwenda. Mpini wa pasi iliyokufa ulining'inia kifuani pa Filimbi, na ufunguo juu yake, mkavu.

Mama Kola akatandaza koti jingine. Akalinyoosha kola kwa kiganja, akashusha pasi.

Moja. Mbili. Tatu.

Akangoja.