Ganzi ya Wembe

Wembe, kinyozi, aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Siku ya kuwekewa chuma, dada yake mkubwa ndiye aliyempeleka hospitali. Walikuwa wamebaki wawili tu tangu mama yao afariki mwaka uliopita.

Katika chumba cha maandalizi, daktari wa usingizi, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, aliwaeleza kwamba Wembe hatalazwa usingizi. Atatiwa ganzi mkono mzima, yeye mwenyewe akiwa macho. Kisha akaomba jambo jingine. Walikuwa na utafiti: kila mgonjwa anapata ganzi kamili, lakini nusu yao wanaongezewa dawa fulani, ili kuona kama itachelewesha maumivu baada ya upasuaji. Nusu nyingine wanaongezewa maji ya chumvi tu.

"Na mimi naongezewa ipi?" Wembe akauliza.

"Sijui."

"Hujui, na sindano umeishika wewe?"

"Anajua mfamasia aliyechanganya. Mimi nikijua, nitaanza kuona kile ninachotamani kukiona."

Dada mtu alikuwa ameshajiandaa kukataa. Sasa akajikuta anasogeza kiti mbele. Maishani mwake hakuwahi kumsikia daktari akisema hajui, tena bila haya.

"Na mgonjwa akijua je?"

"Naye vilevile."

"Basi niandikeni," Wembe akasema. "Nimefanyia majaribio vichwa vya watu miaka yote, leo zamu yangu."

Kwenye kioo kidogo cha mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, mishipa ya fahamu ilionekana imebanana kama punje za mahindi, na sindano ikapenya polepole hadi kando yake. Walipomaliza wakaulaza mkono aliokuwa ameuinua, na haukupita muda Wembe akalalamika.

"Dada, nishushie mkono. Umesimama juu kama naomba ruhusa kwa mwalimu."

Mkono ulikuwa umelala tumboni kwake. Dada mtu akaunyanyua. Ulikuwa mzito kama kuni mbichi.

"Si huu hapa!"

Daktari akacheka. Alisema ubongo umeshikilia habari ya mwisho iliyoletwa na mkono kabla njia hazijafungwa. Dada mtu akamwandama kwa maswali hadi mdogo wake akamwambia, "Ungevunjika wewe, ungefaidi zaidi."

Upasuaji ulikwenda salama. Wodini, nesi alimpa Wembe kazi iliyobaki: maumivu yakianza tu, aseme, na ayapime toka sifuri hadi kumi, apewe dawa.

Alasiri, mgonjwa wa kitanda cha pili, naye wa utafiti huohuo, akaomba dawa.

"Yule kapewa chumvi," Wembe akanong'ona, meno yote nje. "Mimi bado."

Jioni nesi alipopita, Wembe alisema tena, "Bado." Lakini dada mtu aliona shuka limefinywa kwenye ngumi ya mkono usiovunjika, na jasho juu ya mdomo. Akasubiri nesi asogee mbele.

"Unauma?"

"Kidogo."

"Wembe!"

"Dada, nikijikaza mpaka usiku, dawa yetu inashinda."

"Yetu? Nani kakwambia unayo? Kwani hii mechi?" Akateremsha sauti. "Mama naye alikuwa anasema bado."

Wembe akageuza uso. Kila walipomuuliza mama, alisema bado, asiwasumbue. Wao wakamwambia daktari bado, daktari akaamini, dawa ikaachwa ilivyo. Mpaka leo dada mtu hakujua mama aliumwa kiasi gani.

"Dawa hii watapewa watu kwa kufuata maneno yako," akasema. "Unataka mama wa mtu alale anaugulia kwa sababu wewe ulijitia ugumu?"

Wembe akapaza sauti, wodi nzima ikageuka.

"Nesi! Saba! Na yameanza zamani, kabla ya chakula. Nilikudanganya."

Nesi alimletea dawa kwanza, maswali baadaye. Daktari wa usingizi naye akaja. Hakugomba. Alivuta kiti, akauliza yalianzia wapi, yalikuja kwa ghafla au kwa kunyemelea, yanachoma au yanavuta.

Wembe akafikiri. "Yalianza kwenye kidole gumba," akasema, "kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha..."

Dada mtu akainama karibu, asipitwe na neno.